Haki ya Aksoloti Ndani ya Tangi

Aksoloti ni amfibia wa jamii ya salamanda, asili yake maziwa ya Xochimilco na Chalco katika bonde la Mexico. Hukomaa na kuzaa bila kuacha umbo la utotoni: matamvua yake hubaki nje ya shingo, na maisha yake yote huyamaliza majini. Katika simulizi za Waazteki yeye ndiye umbo la mwisho la mungu Xolotl, aliyejigeuza mara kadhaa akikwepa kutolewa kafara, mpaka akakamatwa majini.

Ziwa Chalco lilikaushwa, na Xochimilco ikabaki mifereji. Mwaka 1998 palikadiriwa aksoloti 6,000 kwa kila kilomita ya mraba; kufikia 2014 walikuwa 36. Wakati huohuo wamejaa tele majumbani na maabara, wengi wakiwa uzao wa wachache waliofikishwa Paris mwaka 1864. Kwa sababu hiyo wapo wafugaji wanaojiona waokoaji wa mnyama huyu. Hoja hiyo haina nguvu. Aksoloti wa tangini amechaguliwa kwa rangi, amezaliana na ndugu zake vizazi kwa vizazi, na mwaka 1962 ukoo wake ulichanganywa na salamanda wa aina nyingine. Kumrudisha Xochimilco ni kuwapelekea wachache waliosalia maradhi na damu ngeni.

Linalobaki ni swali la haki ya huyu mmoja aliyemo tangini. Hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhini. Kosa halikuwa kufuga, bali kumfungia kiumbe huku riziki yake imekatwa. Mwanamke yule alikuwa na njia mbili za kuepuka dhambi, kulisha au kuachia. Mwenye aksoloti hana hiyo ya pili, kwani kumtupa mtoni ni kumwua yeye au kuwadhuru viumbe wa humo. Wajibu wote unaiangukia njia ya kwanza, na huyu ni mnyama wa kuishi miaka 10 hadi 15.

Riziki yake nayo si chakula tu. Maji yanatakiwa yawe ya nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Yakizidi 24 huanza kudhoofika. Hana kope, hivyo taa kali humsumbua. Anapokula hufumbua kinywa ghafla, akavuta maji pamoja na nyungunyungu. Palipo na changarawe, nayo huingia na kuziba utumbo. Hana sauti ya kulalamikia. Shida yake husomwa kwenye matamvua yaliyokunjamana kuelekea mbele na ncha ya mkia iliyojipinda. Mguu uliokatika huota upya, na wengine huona si kitu kumweka na wenzake wanaomng'ata, ilhali kuota kwa mguu hakufuti jeraha lililotangulia. Asiyeweza kuyapoza maji hayo mwaka mzima hana haki ya kumnunua, hata pale sheria ya nchi inapomruhusu.