Arubuni kwa nafasi ya mtoto: je, ni haki?



Swali la leo linawahusu hasa jamaa zetu wanaoishi Uingereza, tena ni swali la akina mama kuliko la akina baba, ingawa baba naye huguswa mfukoni. Mama ana mimba ya miezi sita, au ana mtoto mchanga mgongoni, na anajua kwamba mwaka ujao lazima arudi kazini. Anakwenda kwa mama mlezi, yaani yule anayepokea watoto wa watu nyumbani kwake mchana na kulipwa. Mlezi anamjibu: nafasi ipo, lakini ni ya Septemba; ukitaka nikuwekee, toa arubuni leo. Je, ni haki mtu kupokea fedha kwa kazi ambayo hajaianza, kwa mtoto ambaye pengine hajazaliwa?

Wengi wetu wa huku, tukisikia habari hiyo mara ya kwanza, tunacheka na kusema kwamba Wazungu wanauza hata hewa. Tusihukumu upesi. Tutazame kwanza kazi yenyewe.

Kule Uingereza mlezi hapokei watoto kama apendavyo. Lazima aandikishwe kwa Ofsted, idara ya serikali inayokagua masomo na malezi, au kwa shirika la walezi lililoandikishwa kwa idara hiyo (Scotland na Wales wana wakaguzi wao). Kwa wakati mmoja hawezi kulea zaidi ya watoto 6 walio chini ya miaka 8. Kati ya hao, wadogo ambao hawajafikia umri wa masomo wasizidi 3, na kwa kawaida mwenye umri chini ya mwaka 1 awe mmoja tu. Watoto wake mwenyewe wanahesabiwa humo. Basi mwanamke mwenye mtoto wake mdogo mmoja amebaki na nafasi mbili za kuuza kwa wadogo. Nafasi moja ikikaa wazi, nusu ya mapato yake ya watoto hao imekwenda, na nyumba anayokaa bado inadai kodi.

Tena nafasi hazifunguki siku yoyote. Nyingi hufunguka Septemba, wakati watoto wakubwa wanapoingia masomoni. Kwa upande wake mzazi, sheria inampa mama likizo ya uzazi mpaka majuma 52, lakini malipo ya likizo hiyo ni ya majuma 39 tu. Ndiyo maana anatafuta mapema, na ndiyo maana hawezi kukosea tarehe. Kama siku ya kurudi kazini imefika na hakuna wa kumshika mtoto, kazi inaweza kupotea.

Basi, mlezi anauza nini anapopokea arubuni mwezi wa nne kwa mtoto wa mwezi wa tisa? Hauzi malezi, kwa maana hayajaanza. Anauza lile neno «hapana» atakalowaambia wazazi wengine wote watakaobisha mlangoni pake kuanzia siku hiyo. Neno hilo lina gharama, nasi tunalijua hata hapa kwetu. Bibi anayekubali kumshika mjukuu anaacha shamba lake. Hatumlipi, wala yeye hadai, lakini mihogo ambayo haikupandwa ni hasara ya kweli. Kwa hiyo anayesema kwamba kuweka nafasi si kazi hajapata kukaa akingojea.

Hapo tutofautishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Fundi wa nguo akipokea avansi, ananunua uzi na vifungo, na kazi yako imekwisha kuanza. Bayeri, yaani mwenye nyumba, akipokea garanti, anashika fedha yako kwa ajili ya deni au uharibifu, na ukitoka vizuri inakurudia (sheria yetu ya tarehe 31 Desemba 2015 imesema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu, ingawa katika kartie nyingi mtu akiitaja sheria hiyo anaonyeshwa mlango). Arubuni siyo hii wala ile. Ni alama ya ahadi: leo tumefungana, mimi na wewe.

Neno lenyewe ni la zamani sana, nalo linatusaidia kufikiri. Limo katika Kiebrania, katika habari ya Yuda alipomwachia Tamari pete, kamba na fimbo mpaka atakapoleta mwana-mbuzi. Wayunani walilichukua kwa wafanya biashara, na Mtume Paulo akalitumia akiwaandikia Waefeso kuhusu Roho, naye msomaji wa Biblia ya Kiswahili analijua kwa umbo la «arabuni». Waarabu wanalo, na Wafaransa wanasema arrhes, ambalo ni neno lile lile lililosafiri kwa njia ya Kilatini. Mara nyingi huko, arubuni ilimfunga aliyeipokea kama vile ilivyomfunga aliyeitoa.

Na sheria ililiona hilo. Kanuni ya raia ya Wafaransa ya mwaka 1804, ambayo kwa njia ya Wabelgiji ilikuja kuathiri sheria zetu hapa Kongo, inasema katika kifungu cha 1590, kuhusu ahadi ya kuuza kitu: aliyetoa arubuni akijitoa, anaipoteza, aliyeipokea akijitoa, anarudisha mara mbili. Mara mbili! Kifungu hicho ni cha uuzaji, si cha malezi, lakini haki iliyo ndani yake ninaipenda, kwani inamwuliza mpokeaji: na wewe utapoteza nini ukivunja neno?

Sasa tuchukue karatasi ambazo wazazi hutiwa saini. Mara nyingi imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba arubuni hairudishwi mzazi akighairi. Ni nani ameandika mlezi atafanya nini akighairi yeye? Pengine amepata watoto wawili wa ndugu, wa siku zote tano, naye anamwambia yule mama wa siku tatu: samahani. Amemrudishia arubuni yake, ni kweli, lakini sasa ni Agosti na nafasi zote za mtaani zimejaa. Yule mama alinunua usalama, akauziwa karatasi. Ahadi inayomfunga mmoja tu, mimi naiita kamba, na anayeishika ni yule mwenye nafasi.

Jambo la pili ni kipimo. Mzazi akighairi mwezi wa sita na mlezi akajaza nafasi baada ya juma moja, amepoteza nini? Juma moja labda, au hakuna, kwani Septemba haijafika. Akibaki na arubuni yote, na huku analipwa na mzazi mpya, amekula sahani mbili kwa njaa moja. Sheria ya Uingereza ya haki za wanunuzi ya mwaka 2015 inasema sharti lisilo la haki halimfungi mnunuzi, na wasimamizi wa biashara wameeleza kwamba arubuni isiyorudishwa iwe sehemu ndogo tu ya bei, na mwenye kazi abaki na kile kinacholingana na hasara yake. Tena kwa zile saa ambazo serikali inawalipia wazazi (tangu Septemba 2025, huko England, wazazi wenye kazi wanaostahili wanapata saa 30 kwa juma katika majuma 38 ya mwaka, kuanzia mtoto akiwa na miezi 9), mwongozo wa serikali unataka arubuni irudishwe yote mtoto akianza. Akina mama zetu wengi hawalijui hilo, na wanaogopa kuuliza kwa sababu ya lugha. Waulize.

Jambo la tatu linaniuma zaidi. Mama aliyekaa miezi bila mshahara anaombwa fedha kabla ya kurudi kazini, na bila fedha hiyo hawezi kurudi kazini. Torati iliwajua watu wa namna hiyo: ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu, na vazi la maskini lirudishwe kabla ya jua kuzama apate kulilalia. Kwa mwanamke huyu, nafasi ya mtoto ndilo jiwe la kusagia. Mlezi mwenye utu anaweza kuipokea arubuni kidogo kidogo, na kuihesabu katika malipo ya mwezi wa kwanza, si kuishika mpaka mwaka wa mwisho. Wako wanaofanya hivyo, nao hawajafilisika.

Linabaki neno moja ambalo halimo katika karatasi yoyote niliyopata kuiona. Mama ametoa arubuni, kisha mimba imeharibika. Mlezi amekataa watoto wawili kwa ajili yake, na kiti kiko wazi. Kwa kipimo cha hasara niliyoieleza hapo juu, ana haki ya kubaki na fedha ile. Lakini mimi nasema airudishe, tena asingoje kuombwa, kwani hakuna mtu wa kumtuma yule mama akaeleze mlangoni kwa nini mtoto hatakuja. Na kama mlezi mwenyewe ni mnyonge, anadaiwa kodi, basi jamaa na majirani wa yule mama wakusanye malipo ya majuma machache ya kiti kile, wampelekee, mpaka apate mtoto mwingine wa kukikalia.