Usimshindilie Mtoto wa Punda

Mwanangu, umekuja na karai la pumba na swali: huyu mtoto wa punda apewe kiasi gani? Vijana wangapi wa hapa Lamu wameniuliza hilo, na wengi huuliza wakiwa wameshamimina. Mimi nimechoka kulisema, lakini nitalisema tena, maana mnyama hana ulimi wa kujitetea. Keti.

Umesema ana miezi miwili. Basi chakula chake kimo kwenye kiwele cha mamake. Siku ile alipozaliwa alihitaji dang'a katika saa za mwanzo, kwa kuwa mtoto wa punda huja duniani karibu hana kinga ya maradhi mwilini. Huipata kwa kunyonya, na siku moja ikishapita utumbo wake haupitishi tena kinga hiyo. Alhamdulillahi, wako aliiwahi. Tangu hapo hunyonya kidogo kidogo, mara nyingi, mchana na usiku. Ukitaka ashibe yeye, mshibishe mama: majani makavu ya kutosha, maji safi yasiyokatika, na chumvi ya kulamba. Sasa wewe unamtwisha mama mifuko ya saruji kutoka gatini tangu alfajiri, mtoto umemfunga uani analia, kisha jioni unashangaa mbavu zimemtoka. Pumba haitaliponya hilo. Mpunguzie mama safari, na wakati wa kazi mwache mtoto amfuate.

Ukimwona anadokoa kinyesi cha mamake usimpige. Ndiko anakopata vijidudu vitakavyomsaidia kusaga nyasi tumboni. Mpige marufuku jaani, hapo sawa, maana akishaanza kutafunatafuna hachagui, na mifuko na matambara yakimziba utumbo utampoteza.

Najua haraka yako. Unataka anenepe upesi umtie kazini. Mwanangu, nafaka nyingi humkuza mtoto kwa kasi ambayo mifupa haiwezi kuifuata. Pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mfupa unaojengwa kwa mlo huo hutoka dhaifu. Mtazame miguuni: akishindiliwa, utaona uvimbe juu kidogo ya magoti na kwenye vifundo, na wakati mwingine mishipa ya nyuma ya mguu hukaza hata akasimama kwa ncha za kwato. Punda wa namna hiyo ana mwili wa kupendeza na miguu ya kuhuzunisha. Hata huyu wako, akikua vizuri kabisa, usimbebeshe mzigo kabla hajatimiza miaka minne.

Tena punda ni mnyama wa nchi kame. Mwili wake umezoea kutoa nguvu katika majani makavu, na kinachozidi hukiweka akiba, utakiona kimekaa shingoni. Siku punda mnene anapougua akaacha kula, mafuta yale humiminika kwenye damu, ini likashindwa, na akafa kwa siku chache. Ndiyo maana unene wa punda haunifurahishi.

Kipimo unacho mkononi. Lete kiganja, kiweke ubavuni mwake. Bonyeza kidogo tu. Ukizihesabu mbavu kwa vidole bila kuziona kwa macho, yuko sawa. Ukiziona ukiwa umesimama mbali, mtazame mama kama ana maziwa, kisha muulize daktari habari ya minyoo. Usipozipata kabisa, umezidisha.

Na kama mama angekufa, Mungu apishe mbali, usingempa mtoto maziwa ya ng'ombe hivi hivi. Yana mafuta mengi na sukari kidogo kuliko ya punda, naye angeharisha. Ungempeleka saa ileile kwenye kliniki ya punda iliyoko hapa mjini tangu 1987, wakupimie mchanganyiko na saa za kumnywesha, usiku pia.

Kwa leo, basi, pumba hana haja nayo. Mwache aonje majani pembeni mwa mamake kadiri apendavyo. Usimlikize kabla ya miezi sita, na ukimlikiza usimtenge kwa ghafla. Watenganishe saa chache, halafu nusu siku, naye awe na punda mwenzake wa kukaa naye. Wakati huo, mbavu zikianza kuonekana, konzi moja ya pumba iliyochanganywa na majani makavu, asubuhi. Hiyo itamtosha.