Adhabu Ambayo Hakimu Hakuitoa

Liko jambo ambalo watu waungwana hulitaja kwa kicheko, ilhali lingetendeka nyumbani mwao wangelia. Jambo hilo ni kunajisiwa kwa watu walio gerezani. Kijana akihukumiwa kifungo, hakosekani mtu barazani wa kusema, "Huko atakiona cha mtema kuni," na wasikilizaji wakaielewa maana yake wakacheka. Ndani ya kicheko hicho mna swali zito: je, madhila yampatayo mfungwa mikononi mwa wafungwa wenziwe, au mikononi mwa askari wake, ni sehemu ya adhabu yake?

Tuanze na hukumu yenyewe. Hakimu hutaja miaka, pengine na faini. Hasemi hata siku moja, "Nawe utanajisiwa." Basi adhabu hii imetoka wapi? Haimo katika sheria, haina kipimo wala rufaa. Zaidi ya hayo, haifuati uzito wa kosa. Adhabu ya haki humwangukia mtu kwa kadiri ya hatia yake. Hii humwangukia kwa kadiri ya unyonge wake. Humwandama kijana, mgeni, mwenye umbo dogo, mgonjwa wa akili, asiye na ndugu wa kumtembelea. Jambazi sugu, ambaye kwa mawazo ya wachekao ndiye aliyestahili, aghalabu ndiye mtendaji. Huko si kuwaadhibu waovu, bali ni kuwakabidhi wanyonge.

Tena si wote walio ndani ambao wamehukumiwa. Mwaka 1973, huko Washington, Stephen Donaldson alikamatwa katika maandamano ya sala mbele ya Ikulu ya Marekani, akipinga vita. Kwa msimamo wake alikataa kulipa dhamana, akawekwa mahabusu, na humo akanajisiwa na kundi la wafungwa. Alipotoka aliwaeleza waandishi wa habari yaliyompata, jambo ambalo wanaume wa wakati ule hawakuthubutu kulitamka. Aliendelea kulisema hadi alipofariki mwaka 1996.

Mwaka 1994 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilitoa uamuzi katika shauri la Dee Farmer, mfungwa aliyeishi kama mwanamke lakini akawekwa katika gereza la wanaume, akasema alipigwa na kunajisiwa. Mahakama ilisema kwamba kushambuliwa gerezani si sehemu ya malipo ya kosa, na kwamba ofisa ajuaye hatari kubwa inayomkabili mfungwa, kisha akaipuuza, anavunja katiba. Naona msingi wa uamuzi huo ni rahisi kueleweka hata na asiye mwanasheria. Mtu huru akitishwa hukimbia, hufunga mlango, huita jirani. Serikali imfungapo mtu humnyang'anya yote hayo matatu. Haiwezi kuuchukua mlango wake, kisha ikakataa kuwa mlinzi wake.

Mwaka 2003 Bunge la nchi hiyo lilipitisha, bila kura ya kupinga, sheria ya kukomesha ubakaji magerezani, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2012. Kanuni hizo zataka kila aingiaye apimwe kama yumo hatarini, na matokeo yake yatumike katika kumpangia pa kulala. Watoto watengwe na watu wazima. Mfungwa awe na njia ya kupeleka malalamiko nje ya gereza. Na wakaguzi wa nje wafike kila baada ya miaka mitatu. Hata hivyo, katika uchunguzi wa serikali yao wa 2011 na 2012, wafungwa 4 katika kila 100 wa magereza makubwa walisema wametendewa jambo la namna hii katika miezi 12 iliyotangulia. Waliowataja watumishi wa gereza walikuwa wengi kidogo kuliko waliowataja wafungwa wenzao.

Hapa yafaa tuseme juu ya ridhaa. Askari hujitetea kwamba mwanamke yule alikubali. Sisi tuliokuwa walimu twaijua hoja hiyo, na twajua ubovu wake. Mwanafunzi hawezi kumpa ridhaa mtu anayeshika maksi zake. Sembuse mfungwa, ambaye mwenzake anashika funguo, chakula, barua na tarehe ya kutoka! Ndiyo maana sheria ya makosa ya kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998 iliwataja waziwazi wafanyakazi wa mahali pa kuwekwa watu kizuizini, watumiao nafasi zao kuwabaka wanawake walio chini yao.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Katika gereza la wanawake la Dublin, California, mkuu wa gereza mwenyewe, Ray Garcia, alitiwa hatiani mwaka 2022 kwa kuwadhalilisha wafungwa. Naye alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kufundisha sheria ile ile ya 2003! Mwaka 2024 wafungwa waliondolewa gerezani humo, na serikali ikakubali kuwalipa wanawake 103 jumla ya dola milioni 116.

Funzo ni kwamba kanuni haijilindi yenyewe. Malalamiko yakipita mezani kwa mlalamikiwa, yamekwisha. Mlalamikaji akifungiwa peke yake "kwa usalama wake", huku mtendaji akibaki na kazi yake, wenzake wote wamefundishwa kunyamaza. Kinachohitajika ni sikio lililo nje ya ukuta: hakimu anayezuru, daktari asiye chini ya mkuu wa gereza, kiongozi wa dini, ndugu.

Na sikio hilo halitawekwa na jamii inayoamini kwamba mfungwa ameyataka mwenyewe. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hawakusema kwamba mkosaji asiadhibiwe. Walisema kwamba hata tumwadhibupo, kuna kitu chake ambacho si chetu kukichukua. Mwili wake ni kitu hicho. Tulimnyima uhuru kwa sababu aliwatenda wengine wasivyotaka kutendwa. Tukiruhusu naye atendwe hivyo chini ya bendera yetu, hatutakuwa na neno la kumfundisha atakapotoka.