Njia Ambayo Jenerali Hakuijua

Mwezi Agosti 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Jenerali Jan Smuts, aliyeongoza majeshi ya Waingereza, aliamini kwamba amemnasa kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Jeshi la Wajerumani lilikuwa limerudi nyuma hadi Morogoro, kwenye reli ya kati, na mgongoni mwa mji huo ilisimama milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,600. Smuts alituma wapanda farasi wazunguke magharibi kupitia Mlali, na vikosi vingine vizunguke mashariki, ili adui abanwe kati ya mikono miwili na mlima. Tarehe 26 Agosti askari wake waliingia mjini. Wajerumani hawakuwepo. Walikuwa wameondoka kuelekea Kisaki, upande wa kusini, na miongoni mwa njia walizokuwa nazo ilikuwamo moja inayokata katikati ya milima yenyewe. Katika taarifa yake rasmi ya vita Smuts alieleza waziwazi kwamba alipopanga mtego ule hakuwa na habari ya njia hiyo.

Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, walikuwa na habari nayo. Wakulima wa milimani hawaishi bila vijia. Kila mzigo wa chakula ulioshuka bondeni ulipita mahali, na miguu iliyoubeba ilijua wapi pana utelezi na wapi mto unavukika. Jenerali alikuwa na ndege, ramani, wapelelezi na maelfu ya askari waliotoka Afrika Kusini, India na Afrika Mashariki yenyewe. Alichokikosa ni jibu ambalo mtu wa Mgeta au Matombo, huko milimani, angeweza kumpa akiwa amekaa barazani kwake.

Tena Smuts hakuwa mgeni wa vita. Mwaka 1901 aliongoza makomando wa Makaburu ndani ya Koloni la Cape dhidi ya Waingereza, akaishi kwa kuvizia na kutoweka, yaani mbinu zilezile ambazo sasa Lettow alikuwa akizitumia dhidi yake. Lakini ukongwe wake ulikuwa wa nyika ya kusini, nchi ya farasi na upeo mpana. Kwenye miteremko ya Uluguru, penye misitu na ndorobo wanaoua farasi, mkongwe huyu alikuwa kuruta. Ukongwe wa vita hausafiri mzima. Mtu huubeba hadi mahali fulani, kisha hujikuta tena mwanagenzi, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kulitambua hilo.

Kumwambia mwanagenzi aulize ni rahisi, na Waswahili wamesema siku nyingi kwamba kuuliza si ujinga. Ugumu uko kwingine. Miaka zaidi ya 2,300 iliyopita Plato aliuweka wazi katika majadiliano yaitwayo Meno: mtu atakitafutaje kitu asichokijua kabisa? Kama anakijua, hana haja ya kukitafuta. Kama hakijui, hata akikutana nacho hatakitambua. Smuts angeweza kuuliza kuhusu kila njia iliyochorwa kwenye ramani yake. Njia isiyochorwa haikuwa na swali. Ndivyo alivyo kuruta yeyote anayekaa mbele ya askari mstaafu: atauliza bunduki inafika umbali gani, kifaru kina uzito gani, kombania ina watu wangapi, kwa kuwa anajua mambo hayo yapo. Hatauliza kuhusu viatu vilivyolowa siku kumi, maji ya kunywa, au usingizi. Katika kampeni ile ya 1916 malaria na kuhara viliangusha watu wengi kuliko risasi, na hakuna kijana aliyejiandikisha kwa kutaka kujua habari za kuhara.

Kwa hiyo mwanagenzi anamhitaji mkongwe kwa namna mbili. Anahitaji majibu, na kabla ya majibu anahitaji kuelekezwa maswali yanayostahili. Mkongwe anayejibu tu alichoulizwa amefanya nusu ya kazi. Yule aliye bora hujibu, kisha husema: hukuniuliza kuhusu maji.

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu askari wa zamani wa Kiafrika wa Lettow. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha fedha za kuwalipa askari hao malimbikizo ya mishahara yao ya vita, na ofisi ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Wazee wapatao mia tatu na hamsini walijitokeza. Wachache walikuwa na vyeti vyao. Wengine walileta vipande vya sare za zamani, na wengine hawakuwa na kitu. Inasimuliwa kwamba ofisa aliyehusika na malipo alimpa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye kwata ya silaha. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Zaidi ya miaka 45 ilikuwa imepita tangu Lettow alipoweka silaha chini huko Abercorn, katika Zambia ya leo, Novemba 1918, na bado mikono ilikumbuka.

Kisa hiki kinapendwa kwa utamu wake, lakini uzito wake ni wa kifalsafa. Mmoja wa wazee wale angeulizwa aeleze kwa maneno hatua za kwata, huenda angesita na kuchanganya. Ujuzi wake haukuwa umehifadhiwa katika sentensi. Mwanafalsafa Michael Polanyi alishughulika kwa miaka mingi na jambo hili, kwamba mtu anajua zaidi ya anavyoweza kusema. Jeshi limejaa ujuzi wa aina hiyo: namna ya kusikia ukimya usio wa kawaida porini, namna ya kujua kwamba kikosi kimechoka kabla hakijalalamika. Kuruta anayeuliza, "Uliwezaje?" atapata jibu fupi na baya. Anayeomba aonyeshwe, au anayeomba asimuliwe siku moja tangu alfajiri hadi usiku, huyo atapata vitu ambavyo hata msimulizi hakujua kama anavyo.

Ndiyo maana kazi iliyofanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam inastahili kutajwa kila yanapofanyika mazungumzo kuhusu kuwauliza wakongwe. Hadi wakati huo Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vya kupinga utawala wa Wajerumani, vilikuwa vimeandikwa zaidi kwa kutegemea taarifa za maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Chini ya mradi uliohusisha wanahistoria G. C. K. Gwassa na John Iliffe, vijana waliozaliwa miongo kadhaa baada ya vita walikwenda kwa wazee waliokuwa hai wakati wa vita, wakauliza. Hawakuwa askari. Hawakujua mambo ya mikuki, magobori wala maji ya dawa. Ugeni wao ulikuwa na faida, kwa sababu uliwalazimu wazee kueleza mambo ambayo baina yao yasingehitaji kuelezwa.

Chukua Mahenge, katika mkoa huu huu wa Morogoro. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Wajerumani lililokuwa na bunduki za rashasha, na mamia kwa mamia walianguka. Anayesoma habari hiyo kwa mbali huuliza: waliaminije kwamba maji yangezuia risasi? Swali hilo lina dharau ndani yake, na mzee mwenye heshima zake hatalijibu vizuri. Swali la mwanagenzi wa kweli ni jingine: siku ile, kabla ya kwenda, mlikuwa mmesikia nini, na kutoka kwa nani? Hapo ndipo yanapotoka majibu kuhusu wajumbe waliokuja usiku, kodi, mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na watu wa makabila mbalimbali waliojikuta upande mmoja. Namna ya kuuliza huamua ni kiasi gani cha ukweli kitatoka.

Lakini Morogoro ina mfano mzito zaidi, ambao unapindua mpangilio mzima wa nani amuulize nani.

Katika miaka ya 1960 chama cha ANC cha Afrika Kusini, kilichopigwa marufuku kwao, kiliweka makao yake ya uhamishoni Morogoro, wakati wapiganaji wake wa Umkhonto we Sizwe walikuwa na kambi Kongwa. Mwaka 1967 kikosi cha wapiganaji hao, wakishirikiana na wenzao wa ZAPU, chama cha ukombozi cha Rhodesia, walivuka mto Zambezi na kuingia Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kupitia eneo la Wankie, wakitafuta njia ya kufika nyumbani. Walipigana vikali. Wengine waliuawa, wengine walikamatwa, na baadhi waliorudi nyuma hadi Botswana walifungwa huko. Mmoja wao alikuwa Chris Hani, aliyezaliwa 1942.

Walipoachiwa na kurudi Zambia, walitarajia kuulizwa. Walikuwa wamerudi kutoka mahali ambapo viongozi wengi hawajawahi kufika: walijua chakula kinaisha siku ya ngapi, ramani inadanganya wapi, wanakijiji wanawapokeaje wageni wenye silaha, jeshi la Rhodesia linatumiaje ndege. Baadaye Hani aliandika kwamba walikuta hakuna utayari wa kujadili mafunzo ya mapambano yale. Mwanzoni mwa 1969 yeye na wenzake sita walitia saini waraka mkali. Walisema chama kilicho uhamishoni kiko katika hali mbaya, wakawalaumu viongozi kwa kujitenga na wapiganaji, kwa upendeleo, kwa adhabu zisizo za haki. Waliadhibiwa kwa kuondolewa katika chama, na walikuwapo waliotaka wauawe.

Hapa mwanagenzi alikuwa nani? Kwa umri na cheo, Hani alikuwa kijana mbele ya wakubwa. Kwa vita yenyewe, yeye ndiye mkongwe, na wakubwa ndio waliokuwa na haja ya kuuliza. Cheo kilikuwa kimeficha ukweli huo. Mkubwa anapomuuliza mdogo hujiona amepungukiwa kitu mbele ya watu, na jeshi, kwa kuwa limejengwa juu ya amri, huifanya hofu hiyo kuwa nzito maradufu. "Ndiyo, afande" ni jibu la lazima katika mapigano, kwani sekunde haziruhusu mjadala. Kosa ni kulirefusha hadi baada ya mapigano, wakati kinachohitajika ni afande mwenyewe kukaa chini na kusema: hebu nieleze, mimi sikuwepo.

Swali lililozuiwa halikufa. Lilitafuta mlango mwingine, likatoka likiwa shutuma. Kuanzia 25 Aprili hadi 1 Mei 1969 wajumbe zaidi ya sabini walikutana Morogoro katika mkutano ambao historia ya ANC inauita kwa jina la mji huo. Kiongozi wa chama, Oliver Tambo, alijiuzulu katikati ya mvutano, kisha wajumbe wakamrudisha. Hani na wenzake hawakuwepo, walikuwa bado na adhabu zao. Hata hivyo maswali yao yalikuwa ndani ya ukumbi. Mkutano ulipitisha hati ya mkakati na mbinu, ukaunda Baraza la Mapinduzi la kusimamia mapambano, na ukafungua uanachama wa chama hicho uhamishoni kwa wasio Waafrika weusi. Baadaye waliotia saini waraka walirudishwa, na Hani akaja kuwa mnadhimu mkuu wa Umkhonto we Sizwe. Kama wangesikilizwa siku waliyovuka mpaka kurudi, waraka usingehitajika, na wala vijana saba wasingekaribia kifo kwa sababu ya kuuliza.

Wapo watakaosema kwamba jeshi linaloruhusu kila mtu kuuliza haliwezi kupigana. Hoja hiyo ina ukweli wake, na Tanzania inayo kumbukumbu ya maasi ya Januari 1964, ambapo nidhamu ilivunjika kabisa na jeshi likalazimika kuundwa upya. Lakini swali na uasi ni vitu viwili tofauti. Anayeuliza bado anakubali kwamba yupo wa kumjibu. Anapoacha kuuliza ndipo wakubwa wangepaswa kuwa na wasiwasi.

Morogoro ya leo ina kazi nyingine inayotegemea swali la mwanagenzi. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, likiwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na kwa ushirikiano wa Jeshi la Wananchi, linafundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu ya ardhini. Magawa, panya aliyezaliwa hapo, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Panya hawa walifanya kazi Msumbiji pia, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imeondoa mabomu yake yote yaliyojulikana. Lakini kabla panya hajafungwa kamba na kuingizwa shambani, kuna hatua isiyopigwa picha: watu huenda kwa wanakijiji na kwa wapiganaji wa zamani, wakauliza ni wapi vikosi vilipiga kambi, ni njia gani iliachwa ghafla, ng'ombe wa nani alilipuka na mwaka gani. Aliyetega bomu akifa bila kuulizwa, bomu linabaki.

Si kila kitu kitajibiwa. Askari amekula kiapo, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inamfunga hata akiwa mstaafu. Pia kuna ukimya usiotokana na sheria. Kijana anayemuuliza babu yake aliwaua wangapi anafungua mlango asioweza kuufunga, na mzee akinyamaza, ukimya huo uheshimiwe. Swali la adabu huacha nafasi ya kutojibiwa. Nalo huanza na vitu vidogo: mlipewa nini kula, nani alikufundisha kulenga, barua za nyumbani zilifikaje.

Wazee wa kuulizwa wapo. Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, vilianza Oktoba 1978, na Kampala ilitekwa 11 Aprili 1979. Jeshi lilipanuliwa haraka kwa mgambo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa kutoka kila pembe ya nchi. Wengi wa waliofia huko wamezikwa Kaboya, mkoani Kagera. Waliorudi wanalima, wanafuga, wanakaa vibarazani. Wanafunzi wa 1968 waliwafikia wazee wa Maji Maji miaka 63 baada ya vita kuanza. Kwa Kagera, miaka 63 itatimia 2041, na aliyekwenda vitani akiwa na miaka 20 atakuwa na 83. Shule, vyuo na familia zisisubiri mwaka huo. Kama yupo mmoja mtaani kwako, nenda na daftari wiki hii, na umwombe akuanzishie siku alipoagwa nyumbani.