Mama Anaatamia

Januari kwetu Sikuda ni kiangazi: jua kali, vumbi mpaka kwenye mimbari. Huko Ulaya ni baridi, wadudu hakuna, na ndiyo maana mbayuwayu wamekuja kwetu. Jumamosi, kabla jua halijachomoza vizuri, mimi na vijana wa kanisa tuliwakuta kwenye kinamasi cha Sio, mpakani mwa Uganda na Kenya, wakipita chinichini juu ya mafunjo na kudaka wadudu. Wamevuka Sahara nzima kufika hapo. Mchana tukaenda hadi bwawa la Kibimba, kwenye mashamba ya mpunga, yangeyange wakiwa wamejaa ukingoni.

Lakini waliotusimamisha ni ngaali wawili, wale korongo wenye taji. Walitembea polepole kwenye majani makavu wakipiga chini kwa nguvu, mguu huu, mguu ule. Panzi wakiruka, wao wanadonoa. Kijana mmoja akaninong'oneza, "Mchungaji, kumbe ndiye yule wa kwenye bendera!" Ndiye. Tangu 1962 yuko katikati ya bendera ya Uganda, ameinua mguu mmoja. Tangu 2012 anahesabiwa duniani miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Mbayuwayu hutaga huko kwao. Muda wao ukifika wataondoka. Ngaali hutaga hapahapa, mayai mawili au matatu, katikati ya majani ya kinamasi, palepale tunapofyeka ili tupande mpunga. Simlaumu anayetafutia watoto chakula. Hata mezani kwangu wali haukosi.

Wapendwa, katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, limo agizo tunalolisoma upesi na kulipita: mtu akikuta kiota na mama yumo, amwache mama aende zake. Malipo yake ni heri na siku nyingi. Ni ahadi ileile anayopewa anayewaheshimu baba na mama! Miaka yote hii ya kuhubiri sikuwahi kuziweka amri hizo mbili pamoja. Jumamosi ile ziliniingia moyoni, na bado zimo.

Jioni, karibu na nyumbani, tulimkuta mzee akifyeka kipande chake cha kinamasi. Katikati alikuwa ameacha fungu la majani marefu, upana wa mkeka. Tulimwamkia, tukamuuliza mbona ameliruka.

"Mama anaatamia," akajibu, akahamia upande wa pili na panga lake.