Aliyeugua Akili Akapona: Je, Yampasa Kumwambia Tajiri Wake?

Ndugu mmoja ametuletea suali katika darasa letu, nalo ni hili: mtu aliyewahi kuugua maradhi ya akili, akatibiwa akapona, kisha akapata kazi mpya, je, yampasa kumpa tajiri wake khabari hiyo? Na akinyamaza, atakuwa ameghushi?

Wenye kusema kwamba yampasa hushika kisa mashuhuri cha muuza nafaka. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo lake, akakuta chini imerowa maji, akamkemea kwa kuificha iliyorowa. Hoja hii ni nzuri, lakini hapa si mahali pake. Mwenye kuajiriwa hauzi nafsi yake. Mafakihi wamebainisha kuwa katika ijara kinachouzwa ni manfaa, yaani kazi ya mkono, au ya kalamu, au ya ulimi. Basi aibu ipasayo kutajwa ni ile inayoyapunguza manfaa hayo. Karani aliyeugua miaka sita iliyopita, na leo hesabu zake ni sawa, ni maji gani aliyoyaficha chini ya rundo?

Tena tutazame sheria yetu inavyomhukumu mtu huyu. Kalamu imeondolewa kwa mwenye wazimu mpaka apate akili. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu wakijuacho vyema wanavyuoni wa pwani yetu, asema kuwa kizuizi alichowekewa mwendawazimu huondoka kwa kupona. Akishapona auza, anunua, aoa. Ikiwa sheria imemrudishia mali yake siku aliyopona, sisi ni nani hata tumshikie jina la wazimu maisha yake yote?

Jawabu twaijua, ijapokuwa haitupendezi. Wengi wetu hatuamini kuwa hayo ni maradhi. Neno letu lenyewe, wazimu, lina ujamaa na mizimu. Mtu akianza kusema peke yake hupelekwa kwa mganga, akafukizwa, akapungwa, akachinjiwa mbuzi. Na mwenye kuamini kuwa pepo amempanda mtu, huamini pia kuwa atampanda tena apendapo. Kwa hivyo mgonjwa wetu haponi kamwe machoni mwa watu. Na hali Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja, akaeleza huzuni, khofu na wasiwasi kuwa ni mambo yenye tiba. Na katika hospitali ya Sultan Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, wagonjwa wa akili walikuwa na mahali pao pa kuuguzwa. Sisi bado twachoma ubani.

Imepokewa katika Muwatta wa Imam Malik kuwa mtu mmoja aliposwa dada yake, akamtajia mposaji kosa alilolifanya dada huyo zamani. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata khabari alimkasirikia mno. Lile lilikuwa ni dhambi, na juu ya hayo alitaka lisitiriwe. Ugonjwa si dhambi.

Lakini kunyamaza kuna mpaka wake. Dereva wa basi la skuli anayemeza dawa yenye kumtia usingizi hana ruhusa ya kunyamaza, kwani roho za watoto ni amana mikononi mwake. Ama aseme, ama atafute kazi nyingine. Na wako walio baina ya hawa wawili: mtu ambaye daktari amemwambia kuwa kukesha kwaweza kumrudishia maradhi, na kazi aliyopewa ina zamu za usiku. Huyu yamtosha kusema, "Daktari amenikataza kukesha," akaleta na cheti. Ametaja haja yake bila ya kutaja jina la maradhi, na tajiri amekwisha kujua alilopaswa kujua.

Na tajiri naye asidhani kuwa ana haki ya kujua kila jambo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 31, yamlinda mtu asidaiwe khabari za siri zake pasi na haja, na ibara ya 27 yakataza kumbagua kwa hali ya afya yake. Wako matajiri, nao ni Waislamu wenzetu, waambiwao siri adhuhuri, na baada ya isha imekwisha kufika barazani!

Limebaki jambo moja, nalo tulikhitilafiana. Karatasi ya kuombea kazi ikiuliza, "Umewahi kuugua akili?" ajibu nini? Baadhi ya ndugu walisema aandike "La", kwani aliyepona hana kitu. Mimi sioni hivyo. Angeulizwa kama anaumwa, kusema "siumwi" kungekuwa kweli. Lakini ameulizwa kama amewahi, na "sijawahi" ni uwongo, tena uwongo uliotiwa sahihi. Khofu ya kufichuliwa itamkaa kifuani kila asubuhi, na khofu hiyo peke yake yaweza kumrudisha kitandani. Na aache mahali hapo wazi, au aulize suali hilo lahusu nini katika kazi yenyewe. Huenda akaikosa kazi. Twalijua hilo, na ndugu aliyetuuliza ana watoto watatu. Ndiyo sababu tuliwaomba wenye maduka na maghala walio katika darasa letu waliondoe suali hilo katika karatasi zao. Wawili wamekwisha kuliondoa.