Mshale Ukishuka, Usishangilie Mapema

Andiko: Ufunuo 3:14–22



Kabla ya kuitwa katika huduma nilifanya kazi gereji. Gari ambalo mshale wa joto umefika kwenye nyekundu halikunitisha sana, kwa sababu dereva wake ameonywa. La kutisha ni lile linalopanda kutoka Mai Mahiu limejaa watu, mshale ulikuwa juu, halafu ghafla ukashuka wenyewe. Dereva anasema, “Sasa imepoa, twende!”

Sikia vile geji hufanya kazi. Kwenye injini kuna sensa ndogo inayokaa ndani ya maji. Haipimi chuma, inapima maji yanayoigusa. Injini ikiwa sawa, maji huwa karibu nyuzi 90 na mshale unatulia karibu na katikati. Lakini paipu ikipasuka maji yakaisha, sensa inabaki hewani. Mshale unaweza kushuka wakati uleule gasketi inaungua na hedi inapinda. Dashibodi inasema amani, kumbe injini inakufa.

Ndiyo maana fundi mzuri hakimbilii kununua geji mpya. Anangoja injini ipoe, kwa maana rejeta ya moto ukiifungua itakuchoma, kisha anaangalia maji. Halafu thamostati: ikikwama wazi, injini inakawia kupata joto, na hapo mshale ulio chini unasema kweli. Mwisho anafuata waya. Kwa magari mengi ya zamani, yenye sensa ya waya mmoja, anauchomoa waya huo na kuugusisha kwenye chuma cha injini kidogo tu, ufunguo ukiwa umewashwa. Mshale ukipanda, geji na waya ni vizima, mgonjwa ni sensa. Usipopanda, tatizo liko kwenye waya au geji. Magari ya siku hizi hupimwa kwa kompyuta, lakini hata hayo, anza na maji.

Sasa twende Laodikia. Huo ulikuwa mji tajiri. Tetemeko la ardhi liliubomoa mwaka wa 60 B.K., nao ukajijenga kwa mali yake bila msaada wa Roma. Kanisa la huko nalo likajisomea geji: tuko sawa, hatuhitaji kitu. Yesu alipopima mwenyewe, hakukuta moto wala baridi.

Mpendwa, dhamiri ni sensa. Katika 1 Timotheo 4:2 Paulo anataja watu ambao dhamiri zao zimechomwa kama kwa chuma cha moto. Zamani ukimjibu mke wako vibaya, hulali mpaka umwombe msamaha. Siku hizi unamtukana mbele ya watoto, na usiku unakoroma. Mara ya kwanza ulipogusa pesa za chama bila kuwaambia wenzako, moyo ulidunda. Sasa haudundi. Unasema, “Nimepata amani.” Ndugu yangu, ni amani, ama maji yameisha?

Na wewe mwingine, ulitubu, ukarudisha ulichochukua, Mungu akakusamehe, lakini mshale wako uko kwenye nyekundu kila siku. Huo ni waya uliochubuka unaogusa chuma njiani. Injini yako haichemki. Soma Warumi 8:1, ukae hapo mpaka moyo wako uamini.

Tufanye nini basi? Tuanze na maji. Rudi kwenye Neno na maombi, hata kama hausikii shida yoyote. Daudi, katika Zaburi 139, hakujipima peke yake, alimwomba Mungu amchunguze moyo. Tena mpe mtu mmoja ruhusa ya kukufungulia boneti: mke wako, mume wako, mzee wa kanisa. Muulize wiki hii, “Unaniona niko aje kweli?” Halafu nyamaza, usijitetee.

Laodikia hawakutupwa. Yesu alisimama mlangoni kwao akibisha. Bado anabisha, na injini ikizimwa mapema huokolewa.

Tuombe: Bwana, usiniache nifurahie mshale ulioshuka huku ndani naungua. Nichunguze, unijaze maji yako tena. Katika jina la Yesu, amina.